Miyamoto Musashi, bingwa wa panga aliyeshinda kwa kasia

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia mpwa wangu, mwana wa dada yangu wa pili, kijana wa miaka 22. Alinipa mkono kwa adabu, akauliza hali za nyumbani, kisha akaketi barazani na simu yake mkononi na uso wa mtu aliyekuja kukopa. Kijana huyu kwa muda wa miezi 3 anajifunza sanaa ya upanga ya Kijapani katika ukumbi mdogo hapa Mombasa, na jambo lililomleta ni kwamba ataka kununua upanga wake mwenyewe. Alinieleza kuwa hataki pambo la kutundika ukutani. Ataka upanga wa kazi, wenye makali ya kukata kweli, na juu ya hayo uwe wa bei nafuu. Alikuwa amedunduiza fedha za mwaka mzima, zikapunguka kidogo, na kidogo hicho ndicho alichokitarajia kwa mjomba wake.

Akanionyesha picha. Niliona ala nyeusi iliyochorwa joka la dhahabu, mpini uliosukwa kwa uzi mwekundu, na ubapa unaong'aa kama kioo. Nilimuuliza chuma chake ni cha aina gani, hakujua. Nilimuuliza ubapa huo umeshikamana vipi na mpini, hakujua. Nilimuuliza basi kwa nini ameuchagua huo na kuacha mingine yote, akanijibu kuwa upanga kama huo ndio aliokuwa nao Miyamoto Musashi, shujaa aliyemwona katika sinema.

Hapo nilicheka, na kicheko changu kilimuudhi. Lakini ningefanyaje? Katika mabingwa wote wa panga waliopata kuishi Japani, Musashi ndiye wa mwisho ambaye mtu angefaa kumtaja ili kuutetea upanga wa joka la dhahabu. Nikamwagizia kahawa, nikamsimulia maisha ya bwana huyo kama nilivyoyasoma. Na kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye fikra hiyo, nawasimulia nanyi wasomaji wangu.

Mtoto wa zama za vita

Musashi alizaliwa kiasi cha mwaka 1584. Yeye mwenyewe aliandika kuwa asili yake ni jimbo la Harima, ijapokuwa watu wa kijiji cha Miyamoto katika jimbo jirani la Mimasaka hudai kuwa ni mwana wao. Zama hizo Japani ilikuwa imekwisha kuonja zaidi ya miaka 100 ya vita vya mabwana kwa mabwana, kila mmoja na ngome yake na jeshi lake. Mtoto wa kiume wa ukoo wa askari alilelewa akijua kwamba siku moja atasimama mbele ya mtu anayetaka kumwua.

Aliyemlea, Shinmen Munisai, alikuwa bingwa wa silaha iitwayo jitte, nayo ni rungu fupi la chuma lenye ndoana kando, la kunasia upanga wa adui. Mjini Kokura liko jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa mwaka 1654 na Iori, mwana wa kulea wa Musashi, na jiwe hilo laeleza jambo ambalo kwangu ni ufunguo wa maisha yake yote. Musashi alijifunza jitte kwa mzee wake, kisha akafikiri. Akaona kuwa jitte si kitu ambacho mtu huwa nacho kila siku, ilhali panga mbili, moja refu na moja fupi, daima ziko kiunoni mwa askari. Basi ile hekima ya jitte akaihamishia katika panga mbili, akawa apigana na upanga katika kila mkono. Tangu ujana wake alikuwa akijiuliza swali moja tu: chombo gani kipo hapa, na chafaa kazi gani?

Pambano lake la kwanza alilipigana akiwa na umri wa miaka 13, na mtu mzima aitwaye Arima Kihei, akamwua. Husimuliwa kwamba alitumia gongo la mti. Alipofika miaka 16 alimshinda bwana Akiyama wa jimbo la Tajima, naye alikuwa mtu wa nguvu nyingi. Mwaka 1600 vikapiganwa vita vikuu vya Sekigahara, vilivyompa Tokugawa Ieyasu utawala wa nchi nzima. Baada ya vita hivyo nchi ilianza kutulia, na askari wengi wasiokuwa na bwana wakabaki wakizunguka huku na huko, elimu yao yote ikiwa ni upanga na upanga wenyewe ukianza kukosa soko. Musashi alikuwa mmoja wao.

Panga za watu wakubwa

Kiasi cha mwaka 1604, akiwa na miaka 21, alikwenda Kyoto, mji mkuu wa wakati huo, na huko akaitaka vita nyumba ya Yoshioka. Hawa walikuwa walimu wa upanga wenye jina kubwa, watu waliopata kuwafundisha watawala. Mtu angedhani kwamba kijana kutoka shamba, akienda kukabiliana na watu wa cheo hicho, angetafuta kwanza upanga wa fundi mashuhuri.

Tazameni lilivyoandikwa jiwe la Kokura. Mkubwa wa nyumba hiyo, Seijuro, Musashi alimwangusha kwa pigo moja la upanga wa mti. Hakufa. Wanafunzi wake walimbeba juu ya ubao, na alipopona aliacha upanga akanyoa kichwa, akawa mtawa. Ndugu yake, Denshichiro, akaja kulipiza kisasi na upanga wa mti wenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Musashi alimnyang'anya upanga huo huo akampiga nao, na Denshichiro akafa pale pale. Kisha wanafunzi wakamkusanyikia kwa wingi wakiwa na silaha za kila namna, naye akawatawanya. Nyumba ya Yoshioka haikupata tena kuinuka kama ilivyokuwa.

Nataka msomaji asinielewe vibaya kuhusu upanga wa mti. Wajapani huuchonga kwa mti mgumu kama mwaloni, ukawa na uzito na mpindo wa upanga wa chuma. Kwa wanafunzi ni chombo cha kujifunzia, lakini katika mkono wa mtu anayejua, fuvu la kichwa haliulizi kama lililolipasua ni feleji au ni gogo.

Kasia la Funajima

Pambano lililomfanya ajulikane mpaka leo ni la mwaka 1612, katika kisiwa kidogo cha Funajima kilichoko kwenye mlango wa bahari baina ya Honshu na Kyushu. Aliyekabiliana naye ni Sasaki Kojiro, bingwa wa shule iitwayo Ganryu. Kojiro alikuwa na upanga wenye ubapa wa kiasi cha sentimita 90, ilhali panga za kawaida zilikuwa kama 70 hivi. Watu waliulinganisha na ule mti mrefu wa kuanikia nguo. Urefu huo ndio uliokuwa fahari yake na ndio uliokuwa tegemeo lake, kwa kuwa aliweza kumfikia mtu kabla hajafikiwa.

Hadithi mashuhuri, iliyoandikwa zaidi ya miaka 100 baadaye, yasema kuwa Musashi alichelewa makusudi ili kumchoma moyo mwenzake. Jiwe la Kokura halisemi hivyo. Lasema wote wawili walifika wakati mmoja. Lakini hadithi na jiwe vyakubaliana katika jambo lililo kubwa zaidi, kwamba Kojiro alishika upanga wa chuma na Musashi alishika upanga wa mti. Na masimulizi yaongeza kuwa mti huo ulikuwa kasia, alilolichonga kwa kisu ndani ya mashua alipokuwa akivushwa kwenda kisiwani.

Sisi watu wa Pwani twaweza kuliona jambo hilo kwa macho. Tumeketi katika mashua za namna hiyo na twajua kasia lina urefu gani na lina uzito gani. Mtu aliyejua kwamba adui yake ategemea urefu wa upanga, alitwaa kitu kirefu zaidi kilichokuwa karibu na mkono wake, akakichonga mpaka kikafaa. Katika mji wa Yatsushiro, hazina ya ukoo wa Matsui yahifadhi upanga mrefu wa mti unaosemekana kuwa Musashi mwenyewe aliuchonga baadaye kwa mfano wa ule.

Pigo lilikuwa moja. Kojiro akaanguka, na kisiwa kikaja kuitwa Ganryujima, kwa jina la shule ya aliyeshindwa. Mpwa wangu aliposikia hayo aliiweka simu chini.

Hesabu ya mtu wa miaka 30

Kufika miaka 28 au 29, Musashi alikuwa amepigana zaidi ya mapambano 60 bila ya kushindwa hata mara moja. Haya ni maneno yake mwenyewe. Mtu mwingine angefungua shule kubwa, akaajiri watu wa kumsifu. Yeye alifanya jambo ambalo mimi, nikiwa mtu niliyefundishwa tangu utotoni kwamba kila nafsi ina thamani yake kwa Muumba, huliona kuwa ndilo jambo zito kupita yote aliyoyatenda.

Aliketi akajihesabu. Alipopita miaka 30 alitazama nyuma, akakiri kuwa ushindi wake haukutokana na elimu iliyokamilika. Labda alikuwa na kipaji cha kuzaliwa, labda walioshindana naye walikuwa dhaifu. Basi akaanza kujifunza upya, asubuhi na jioni, na aliandika kuwa hakuifikia njia yenyewe mpaka alipokuwa na umri wa kiasi cha miaka 50. Fikirini maana yake. Watu walikwisha kufa mikononi mwake, naye yuaja kusema kwamba alipowaua alikuwa bado hajajua. Mimi siwezi kumsifu kwa damu ile. Lakini namheshimu kwa kuiandika hesabu hiyo, kwa kuwa wengi wetu hushinda kwa bahati tukafa tukiiita bahati hiyo ustadi.

Mwaka 1638 tunamwona tena vitani, katika kuzingirwa kwa ngome ya Hara, wakati wakulima na Wakristo wa Shimabara walipoasi. Safari hii bingwa wa mapambano 60 aliumizwa na jiwe. Wakulima waliokuwa juu ya ukuta walikuwa na mawe, wakayatumia mawe. Naona somo hilo lingemfurahisha kama lisingempiga mguuni.

Pangoni

Mwaka 1640 alikaribishwa Kumamoto na bwana Hosokawa Tadatoshi, akapewa nyumba na posho. Tadatoshi alifariki mwaka uliofuata, na Musashi akabaki huko huko katika uzee wake. Mikono iliyoshika panga sasa ilishika brashi. Picha yake ya ndege mmoja mdogo aliyetua juu ya kijiti kikavu kirefu imehesabiwa na serikali ya Japani kuwa mali muhimu ya utamaduni. Kijiti kile kimechorwa kwa mpigo mmoja wa mkono kutoka chini hadi juu. Pia zipo kinga za mkono za panga, zile sahani ndogo za chuma zinazokaa baina ya ubapa na mpini, zinazosemekana kuwa ni kazi yake. Umbo moja mashuhuri ni la jongoo wa baharini. Halina joka wala dhahabu.

Mwaka 1643 alipanda kwenye pango la Reigando, magharibi ya Kumamoto, akaanza kuandika kitabu chake cha milango mitano, yaani ardhi, maji, moto, upepo na utupu. Ndani yake amemlinganisha askari na seremala. Seremala mwema hunoa vyombo vyake kwa mkono wake mwenyewe na huvijua kimoja kimoja, na thamani yake huonekana katika mlango unaofungika sawasawa.

Kuhusu silaha aliandika mambo ambayo kila mnunuzi angefaa kuyasikia. Alifundisha kuwa upanga utoshe kukata na mkuki utoshe kutoboa, na kwamba vyombo viwe imara visivyoharibika upesi. Alimwonya mtu asiwe na mapenzi ya kupita kiasi kwa silaha moja, kwa kuwa kilichozidi na kilichopungua ni mamoja. Alimkataza kuiga ya wenzake, akamtaka achukue kile kinachoufaa mkono wake. Waliotegemea panga ndefu aliwahesabu kuwa ni watu wa roho dhaifu, waliotaka kushinda kwa kukaa mbali. Aliwalaumu pia wale waliofanya sanaa ya upanga kuwa bidhaa, wenye maua mengi na matunda machache, na akasema kwamba elimu ya nusu nusu katika mambo ya silaha huzaa majeraha makubwa.

Siku chache kabla ya kufa aliandika waraka wa maagizo 21 ya kuishi peke yake, na moja katika hayo ni kutojiwekea vyombo vya kale vya thamani ili virithiwe. Kitabu akamkabidhi mwanafunzi wake Terao Magonojo. Akafariki mwaka 1645. Hakuwa na mke, wala hakuacha mali ya kutajika.

Ubao kwanza

Nilipomaliza, kahawa ilikuwa imepoa. Mpwa wangu alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali la haki, ambalo mtu asimdharau mwanafunzi kwa kuliuliza. Kama upanga wa fahari si kitu, basi mtu anayeanza na mwenye fedha kidogo anunue nini?

Nilimjibu kwa nilivyojua. Upanga wa kweli wa Kijapani huanza na mchanga wa chuma, ukayeyushwa kwa makaa, ukakunjwa na kufuliwa mara nyingi. Kabla ya kuzamishwa majini ubapa hupakwa udongo, mwembamba kwenye makali na mnene mgongoni, ili makali yawe magumu na mgongo uwe mlaini usiovunjika. Japani yenyewe fundi lazima awe na leseni, na haruhusiwi kufua zaidi ya panga ndefu 2 kwa mwezi. Kwa hivyo bei yake si ya kijana wa baraza letu, na anayemwambia kuwa atampa huo kwa bei ya chee amdanganya.

Ziko panga za kazi za bei nafuu, nyingi hufuliwa China katika mji wa Longquan, ambao ufuaji wa panga ni kazi yake ya tangu kale. Lakini hapo ndipo mnunuzi afumbue macho. Aulize kama chuma ni feleji yenye kaboni ya kutosha, iliyopikwa ikapozwa ipasavyo. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri kwa kisu cha jikoni, bali kikifanywa kirefu kama upanga huwa rahisi kuvunjika. Aulize habari ya msuka, yaani ile sehemu ya ubapa inayoingia ndani ya mpini. Uwe mpana, wa chuma kile kile, ufike karibu na mwisho wa mpini, na ushikwe kwa vijiti vya mwanzi vilivyokaza. Panga za mapambo mara nyingi huwa na kijiti chembamba kilichounganishwa kwa moto, na siku ya kupungwa kwa nguvu mpini hubaki mkononi na ubapa huruka kwenda kumtafuta jirani. Aulize pia polisi na watu wa forodha kabla ya kuagiza, na amuulize mwalimu wake kabla ya wote hao.

Na mwalimu, nilimwambia, najua atakavyosema. Tulipokuwa watoto chuoni hatukupewa karatasi siku ya kwanza. Tulipewa ubao wa mti. Tuliandika alifu, tukafuta, tukaandika tena, mpaka mkono ulipokuwa hautetemeki. Hakuna mtoto aliyedhani kwamba angesoma vyema zaidi kama ubao wake ungekuwa na nakshi ya dhahabu. Hata watu wa upanga huko Japani huanza na mti, kisha wengi hutumia upanga wa mazoezi usio na makali, na makali huja baada ya miaka.

Fedha alizokuja kukopa sikumpa. Nilimpeleka kwa fundi wa mashua ninayemfahamu, tukapata kipande cha mbambakofi kilichobaki kazini. Fundi alikitazama kichoro tulichompa, akacheka, akakichonga kwa siku 2, na malipo yake nikayatoa mimi.

Juzi nilimpitia kijana nyumbani kwao. Alikuwa uani akipiga hewa, mara moja, mara ya pili, mara ya mia, na viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. Akaniambia kuwa hajaiacha nia yake ya kununua. Amemwandikia yule mwuzaji wa upanga wa joka akimuuliza habari za msuka, na mpaka siku hiyo hajapata jibu. Nilimwambia kwamba kutojibiwa nako ni jibu, fedha azikalie, aendelee na mti wake. Kisha nikamwomba anishikishe kidogo. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na mapigo kumi tu yalinitosha.